SEBULE NDOGO, MAKOCHI NA TV: MPANGILIO KWA SISI WA MWANZA

Leo nakuja na mada ambayo kila mtu anadhani anaijua mpaka siku ya kuhama.

Nimeshabeba sana vitu vya ndugu na marafiki, Igogo, Mabatini, Kitangiri, Nyegezi mpaka Buhongwa, na maswali ni yale yale kila mara: TV ikae wapi? Makochi yaingieje? Na mtu atapita wapi? Nimeona niyaweke yote sehemu moja ili anayehitaji aprinti au aweke kwenye flashi akasome nyumbani taratibu.

Nazungumzia sebule zetu za kawaida, futi 10 kwa 10 au 10 kwa 12, na kwa vijana wa geto, chumba kimoja chenye kila kitu. Wenye majumba makubwa watatusamehe!

Cha kushika kabla ya yote ni hiki: kwenye sebule ndogo usianze na kochi, na wala usianze na TV. Anza na njia ya mtu kupita, halafu soketi, halafu dirisha. Hivyo vitatu haviwezi kuhama. Vingine vyote vinahama. Ukivigeuza, ndiyo unakuta mtu kanunua vitu vizuri kabisa halafu anatembea kiubavu ubavu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

1. PIMA KABLA HUJALIPA

Chukua tepu ya kupimia. Pima urefu na upana wa sebule, upana wa mlango, na mlango unafungukia upande gani. Andika na soketi ziko wapi na dirisha liko umbali gani kutoka sakafuni.

Huna tepu? Chukua kanga. Kanga moja ikitandikwa chini ni karibu mita 1.5 kwa mita 1.1, yaani inakaribiana na eneo la kochi la watu wawili. Tandika kanga pale unapotaka kochi likae, halafu tembea. Fungua mlango. Ingia kama mgeni, toka kama mtoto anayekimbia. Kama unakanyaga kanga kila ukipita, basi na kochi utaligonga kila ukipita.

Kwa sisi wa milimani kuna kipimo cha ziada, nacho ni njia ya kufika nyumbani. Mji wetu ni wa mawe. Kirikuu kinaishia barabarani, kuanzia hapo ni mabega ya watu, ngazi za mawe na vichochoro kati ya nyumba na nyumba. Kochi la kona lililoungwa kipande kimoja linaweza kuwa zuri dukani na lisifike kwako kabisa. Ukimpa seremala kazi, mwambie mapema alitengeneze kwa vipande vinavyofunguliwa kwa bolti. Mlango wenye upana wa futi 2 na nusu haupitishi kochi la futi 3 mpaka ulilaze ubavu, na hapo miguu isiyofunguka inakukwamisha.

2. HESABU YA SETI YA WATU SABA

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Seti ya 3, 2, 1, 1 ndiyo heshima mjini, na mara nyingi inakuja kama zawadi ya sendofu, imenunuliwa na ndugu ambao hawajawahi kuiona sebule yenyewe. Tufanye hesabu kwa vipimo vya chini:

- Kochi la watu watatu: futi 6 kwa 3 = 18
- Kochi la watu wawili: futi 5 kwa 3 = 15
- Makochi ya mtu mmoja mawili: futi 3 kwa 3 kila moja = 18
- Jumla: futi za mraba 51

Sebule ya futi 10 kwa 10 ina futi za mraba 100. Zaidi ya nusu imeshaondoka kabla hujaweka kitu kingine! Ongeza meza ya katikati ya futi 4 kwa 2 (8) na kabati la TV la futi 4 kwa 1 na nusu (6), unafika 65. Zinabaki 35, na hizo 35 zimekatika katika vipande vidogo vidogo ambavyo hata mkeka haukai. Mlango nao bado haujafunguka.

Sasa chukua kochi la watatu na la mtu mmoja tu. Hizo ni futi 27. Wageni wakizidi, stuli nne zinazopandana kwenye kona zinafanya kazi ya kochi la watu wawili na zaidi, tena hazilali katikati ya njia siku 360 za mwaka kwa ajili ya wageni wa siku 5.

Kama seti nzima imeshaingia, usigombane na mtu. Kochi la wawili peleka chumbani au liwe barazani kama kuna paa na usalama. Kama hakuna nafasi, kuliuza wakati bado jipya kuna faida kuliko kulisubiri lichakae.

3. NJIA NI MWENYE NYUMBA

Kila sebule ina njia ambayo watu wataitumia utake usitake: kutoka mlango wa nje kwenda chumbani au uani. Iachie futi 2 kamili, na kama unaweza futi 2 na nusu. Kati ya kochi na meza acha futi 1 mpaka 1 na nusu, magoti yapumue.

Jitahidi njia isikatize kati ya mtazamaji na TV. Kila mtu akipita "samahani, napita", dakika ya 89 goli linaingia hamjaona... mnajua wenyewe ugomvi wake.

Halafu kuna adabu. Kochi la mgeni lisitazame moja kwa moja mlango wa chumbani. Najua pazia lipo, lakini upepo wa ziwa hauombi ruhusa. Mgeni akae mahali anapoona mlango wa kuingilia kwa ubavu, ajue nani kapiga hodi, na macho yake yasiingie kitandani kwenu.

4. SOKETI, KING'AMUZI NA RADI

Nyumba nyingi za zamani hapa mjini zilijengwa kabla ya TV kuwa kitu cha kawaida. Kumbuka Tanzania Bara vituo vya televisheni vimeanza kurusha matangazo mwaka 1994 tu, tofauti na Zanzibar waliotangulia tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo sebule ya nyumba ya namna hiyo ina soketi moja, karibu na mlango, ambayo aliyeiweka alikuwa anawaza redio na pasi. Halafu mwaka 2013 mitambo ya analojia ikazimwa Mwanza, tukahamia dijitali, na kwa wengi kifaa kimoja kikawa viwili: TV na king'amuzi. Weka na chaja za simu hapo, tayari unahitaji nafasi nne.

Ekstensheni haikwepeki basi, ila iwe na masharti:

- Ipite pembeni mwa ukuta. Isipite chini ya kapeti wala chini ya mguu wa kochi. Waya ukikanyagwa kila siku unachubuka ndani, unapata joto, na moto unaanzia mahali usipopaona.
- Soketi zetu za pini tatu ni za ampea 13, yaani kwa umeme wa volti 230 ni kama wati 3000. Flati skrini ya inchi 32 inakula kama wati 50, king'amuzi ni kidogo zaidi. Hivyo havina shida. Shida ni pale pasi na birika la umeme vinapochomekwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo. Birika peke yake linaweza kufika wati 2000. Hivyo vipeleke ukutani.
- Usifunike king'amuzi kwa kitambaa cha kufuma. Najua kinapendeza. Lakini matundu yale ni ya kutolea joto. Kitambaa kitandike chini yake au kwenye mgongo wa kochi. Na chombo cha maua chenye maji kisikae juu ya kitu chochote cha umeme.

Sasa kubwa kuliko yote: RADI. Eneo la Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na mawingu yanajikusanya huku kwetu. Usiku upepo unageuka kuelekea ziwani na dhoruba zinapiga juu ya maji mpaka alfajiri. Wavuvi wanalijua hili kuliko mimi. Radi inaweza kuingia kwa waya wa umeme na kwa waya wa antena au dishi vile vile. Stabilaiza inasaidia umeme unapopanda na kushuka, haizuii radi.

Dawa ni kuchomoa vyote, waya wa umeme na waya wa dishi, kabla dhoruba haijafika. Ikishaanza kupiga karibu, usishike waya tena, kaa mbali navyo. Ndiyo maana nasema soketi ni jambo la mpangilio: ukiweka kabati zito mbele ya soketi, hiyo saa nane ya usiku utalisukuma na nani? Plagi ya TV iwe mahali ambapo mkono unafika bila kusogeza kitu.

5. DIRISHA, JUA NA ZIWA

TV isikae mbele ya dirisha wala isitazamane na dirisha. Ikiwa mbele ya dirisha, mwanga unakupiga machoni na picha inakuwa giza. Ikitazamana nalo, unaliona dirisha ndani ya kioo badala ya mpira. Nafasi yake ni ukuta wa pembeni, dirisha likiwa ubavuni.

Mwanza tuna sababu ya ziada. Sehemu kubwa ya mji ina ziwa upande wa magharibi, kwa hiyo nyumba inayotazama ziwa inatazama machweo. Tena jua letu linachelewa, linazama karibu saa moja jioni, kama nusu saa hivi baada ya Dar. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili, muda wa mechi za ligi, jua limelala chini na linaingia ndani moja kwa moja, pamoja na mng'ao wa maji. Ndugu zetu wa Bukoba ni kinyume, ziwa lao liko mashariki, wao wanasumbuliwa asubuhi.

Kuta za kaskazini na kusini ndizo zenye amani. Tuko karibu sana na ikweta, jua la mchana linapita karibu juu ya paa, haliingii kwa ubavu. Kama sebule yako inakuruhusu, TV iegemee mojawapo ya kuta hizo.

Usizibe dirisha kwa kabati au mgongo mrefu wa kochi. Bati likipata moto mchana, upepo wa ziwani ndiyo feni yetu ya bure. Ila weka wavu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakitoka kwa makundi wanafuata mwanga, na kama taa imezimwa, TV ndiyo mwanga wenyewe.

6. KONA NA KIBANDA UMIZA

Kuna mazoea mawili tumeyarithi bila kuuliza.

La kwanza ni kuweka TV kwenye kona. Hili lilikuwa na maana zama za chogo. Chogo lilikuwa na mkia mrefu nyuma, na kona ndiyo sehemu pekee iliyoumeza. Flati skrini haina mkia. Ukiiweka kona unapoteza pembe tatu ya sakafu nyuma yake bure, na makochi yote yanalazimika kukaa mshazari. Irudishe kwenye ukuta. Mwenye chogo bado, kona ni halali yako.

La pili ni kuitundika juu karibu na dari. Hilo tumelitoa kwenye vibanda umiza. Pale TV inakaa juu kwa sababu watu wako mistari kumi na wa nyuma lazima aone. Nyumbani kwako kuna mstari mmoja! Mtu aliyekaa kwenye kochi macho yake yako kama mita 1 hivi kutoka sakafuni. Katikati ya kioo pawe hapo au juu kidogo. Shingo itakushukuru.

Kuhusu ukubwa, kipimo chepesi ni hiki: umbali wa macho mpaka kioo uwe kama mara moja na nusu mpaka mara mbili na nusu ya urefu wa kioo kona kwa kona. Inchi 32 ni sentimita 81, kwa hiyo mita 1.2 mpaka 2. Inchi 43 ni sentimita 109, kwa hiyo mita 1.6 mpaka 2.7. Sebule ya futi 10, ukitoa kochi na kabati, inakupa kama mita 2. Inchi 32 inatosha, 43 ndiyo mwisho wa raha. Hela ya kutoka 43 kwenda 55 nunua godoro zuri.

7. WATOTO

Hapa naomba tusicheke. Chogo la inchi 21 linafika kilo 20 na zaidi, na uzito wake mwingi uko mbele kwenye kioo. Likiwekwa juu ya stuli au meza nyembamba, mtoto akivuta kitambaa au akipanda droo, linaangukia mbele, juu yake. Flati skrini ni nyepesi lakini miguu yake miwili ni midogo, inaanguka haraka zaidi.

Kabati la TV liwe fupi na pana, zito chini. TV isogezwe nyuma, kitambaa kisining'inie mbele, rimoti na midoli visikae juu yake maana ndivyo vinavyomwita mtoto apande. Flati skrini ifungwe kwa kamba imara kwenye ukuta au kabati. Ukitaka breketi ya ukutani, ongea kwanza na mwenye nyumba, halafu gonga ukuta: tofali la saruji linashika bolti vizuri, la udongo lenye plasta nyembamba linamomonyoka na TV inashuka nayo.

8. UKUTA WA MLIMANI

Nyumba zilizochongwa kwenye mteremko, kama Bugando, Igogo au Mabatini, mara nyingi zina ukuta mmoja unaoegemea udongo au mwamba. Mvua zikija ukuta huo unavuta maji. Usiweke TV wala soketi ya ekstensheni hapo. Kochi nalo liache nafasi ya inchi 4 hivi, la sivyo mgongo wake utaota ukungu kabla ya mwaka. Utaujua kwa rangi inayobabuka chini na harufu ya unyevu. Ukienda kutazama nyumba ya kupanga, nenda siku baada ya mvua.

9. MFANO KAMILI

Sebule futi 10 kwa 12. Mlango wa nje uko ukuta mfupi unaotazama ziwa, upande wa kulia ukiwa unaingia. Dirisha liko ukuta huo huo, kushoto. Mlango wa chumbani uko ukuta wa mbele yako, nao upande wa kulia.

Njia imeshajichora yenyewe: futi 3 kando ya ukuta wa kulia, moja kwa moja mpaka chumbani. Zinabaki futi 7 kwa 12 upande wa kushoto.

TV iende ukuta wa kushoto. Dirisha liko ubavuni kwake. Kochi la watatu liitazame TV na liipe NJIA mgongo. Ndiyo, kochi si lazima liegemee ukuta! Hapo anayepita anapita nyuma ya watu, hakatizi picha, na mgeni hatazami chumbani. Macho mpaka kioo ni kama mita 1.5, inchi 32 inakaa kwa raha. Kochi la mtu mmoja liwe upande wa ndani, likitazama dirisha na ziwa. Upande wa dirishani zinabaki futi 3 wazi. Mchana ni pa stuli na mkeka. Usiku godoro la futi 3 kwa 6 linalala hapo kwa upana bila kusogeza kitu chochote.

Na hili la godoro ndilo la kupimia mpangilio wote. Nyumba zetu sebule ni chumba cha watoto usiku, au cha mdogo wako aliyetoka Ukerewe kuja kusoma. Kama hawezi kulala mpaka watu wazima wazime TV na kubeba meza, sebule hiyo imepangwa kwa ajili ya vitu.

10. KWA WA GETO

Wanafunzi wa Malimbe na Sweya sijawasahau. Chumba kimoja: kitanda kona ya mbali na mlango, kichwa kisiwe chini ya dirisha linalovuja. Pazia la waya ligawe chumba, TV ikae mwisho wa pazia kwenye ukuta wa pembeni, ili ukilisogeza uitazame ukiwa kitandani na ukilifunga wageni waitazame. Badala ya kochi, benchi moja lenye sanduku ndani na magodoro juu: unakalia, unatunzia nguo na vitabu, mgeni analala. Seremala yeyote analitengeneza, na ukihama linapita mlango wowote.

Nawasilisha. Mwenye sebule iliyomshinda alete vipimo vyake: urefu, upana, milango, soketi na dirisha linatazama wapi. Tutaipanga pamoja hapa chini.